Masharti Mawili

Zephania Kilonzo alikiharibu kigawanyi kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kungoja mashine ilie.

Mashine haikulia.

Akakunja mikono ya shati, akaharibu tena, safari hii bila huruma. Aliifanya chipu ijibu sifuri kwa kila swali, hata ukiiambia igawe kumi kwa mbili. Mtoto wa darasa la pili angecheka. Akaiamuru mashine ya kuthibitisha ikague upya. Kabla chai yake haijapoa, mstari wa kijani ulitokea kwenye skrini: kigawanyi ni sahihi, kwa namba zote, daima.

"Daima," Zephania alirudia peke yake, na jasho likamtoka katika baridi ya kiyoyozi.

Miaka ile pipa la mafuta lilikuwa limevuka dola mia na halikuwa na haraka ya kushuka. Riyadh ilikuwa imelewa. Kila ulikotazama kreni zilisimama zikivuta majengo kutoka ardhini kama mtu avutaye mihogo, na fedha iliyosalia ilizunguka ikitafuta kitu cha kuwa. Kidogo cha fedha hiyo kilikuwa kampuni ya chipu, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani mtaa wa Malaz, juu ya duka la mapazia. Walikuwa wakibuni chipu ya kuongoza presha kwenye visima vya gesi huko jangwani. Chipu ya namna hiyo hushinda ikipiga hesabu za desimali: joto, kasi, presha. Na katika hesabu hizo hakuna iliyo na hila kama kugawanya. Kile kipande kidogo cha chipu kinachogawanya ndicho walichokiita kigawanyi, na ndicho alichopewa Zephania.

Namba unazoweza kukipa kigawanyi, mbili mbili, ni nyingi kuliko mchanga uliozunguka mji ule. Ukizijaribu moja moja, Kiyama kitakukuta njiani. Kwa hiyo watu wa kazi ya Zephania hawajaribu. Wanathibitisha kwa hesabu tupu, mara moja, kwa namba zote, na mashine inafuata kila hatua ya hoja yao. Na kazi hiyo ina ada yake. Uthibitisho ukikubali, usishangilie. Kwanza iharibu chipu kwa makusudi, uone kama uthibitisho utagoma. Mbwa asiyebweka mwizi akiingia si mlinzi, ni pambo la uani.

Safari hii ada ilichelewa. Mashine ilipokubali wiki iliyopita, bosi aliagiza sinia la wali na kondoo mzima, na Zephania naye alikula akanawa. Akili yake ilikuwa imeshatangulia uwanja wa ndege. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Bosi wao, Abu Rakan, ambaye ndiye pia kafili wake, yaani mdhamini wa kukaa kwake nchini, alikuwa amemwahidi hivi: Jumamosi aje Jeddah, atie sahihi mbele ya wenye mtaji kwamba kigawanyi kimethibitishwa, na siku hiyohiyo apate huruji, ile ruhusa ya kuondoka nchini ambayo hakuna awezaye kuitoa ila kafili. Huko Jeddah, mtaa wa Rawdah, mkewe Mwikali alikuwa akimtunza bibi kizee wa tajiri mmoja. Huruji ya Mwikali ilikuwa imeshatoka, na isipotumika Jumamosi ingekufa. Walikuwa wamekata tiketi za ndege moja, viti vya kukaa pamoja, kwenda kwa binti yao Mutheu, anayelelewa na nyanya yake Machakos.

Hayo yote yalisimama juu ya mstari mmoja wa kijani. Na mstari ulikuwa hewa.

Aliyatafuta masharti. Kila uthibitisho una masharti, yaani unaiambia mashine ni namba za aina gani zitakazoingia, isipoteze nguvu kwa zisizokuja kamwe. Aliyasoma moja moja, akafika pale. Akaita upande wa pili wa chumba.

"Mzee Hilal, hebu njoo uangalie kitu."

"Kitu gani tena, bwana wee? Leo Jumatano, kesho mapumziko, macho yangu yashafunga wiki."

Hilal bin Soud alikuja akiburuta makubazi yake. Alikuwa Mzanzibari wa familia zilizokimbia Mapinduzi, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina, na kila mtu ofisini alimwita mzee kwa sababu yeye mwenyewe alipenda. Alivuta kiti.

"Nimekiharibu kigawanyi," Zephania alisema. "Kinajibu sifuri kwa kila kitu. Mashine inasema kiko sawa."

"Astaghfirullah. Umeweka faili siyo."

"Ningependa iwe hivyo. Soma hapa. Hili ni sharti lako: namba zote ziwe ndogo. Soma hapa chini. Hili ni langu: namba zote ziwe kubwa. Yote mawili yamo ndani kwa pamoja."

Hilal alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akasoma tena.

Walikuwa wamegawana kazi mwaka uliopita. Hilal alichukua namba ndogo sana, zile zinazokaribia sifuri, ambazo chipu huzihifadhi kwa namna ya pekee. Zephania alichukua zilizobaki. Kila mmoja aliweka sharti lake ili abaki shambani kwake. Kisha wabunifu wakabadilisha kigawanyi ili kiende mbio zaidi, na haraka ikaingia, na kazi mbili zikaunganishwa ziendeshwe mara moja. Zephania aliliona sharti la Hilal. Hakuligusa. Mtu aliyempokea Riyadh, akamwonyesha duka linalouza unga wa sembe, mtu wa rika la baba yake, unafutaje mstari wake bila ruhusa? Hilal naye aliliona la Zephania. Naye hakuligusa, kwa kuwa kijana ndiye mwenye shahada ya mambo haya, na mzee hakutaka aonekane anamwingilia. Adabu ilimfunga huyu mkono, ikamfunga na yule.

"Kwa hiyo," Hilal alisema polepole, "mashine imetafuta namba iliyo ndogo na kubwa papo hapo."

"Haikuipata."

"Na kwa vile haikuipata, ikasema hakuna namba iliyokosewa."

"Wala haikusema uongo."

"La, haikusema uongo. Sisi ndio tuliofunga milango yote ya nyumba, kila mtu mlango wake, kisha tukala kiapo kwamba ndani hamna mwizi." Hilal alicheka kicheko kikavu. Akatazama huku na huku. "Nani ajuaye?"

"Mimi na wewe."

"Basi nisikilize, mwanangu. Nenda Jeddah utie sahihi. Mchukue mkeo mwende zenu. Ukishapanda ndege, mimi nitaliondoa sharti langu, nitaendesha upya, na nikikuta kosa nitalitangaza mwenyewe."

"Mzee, baada ya sahihi michoro inakwenda kiwandani ng'ambo. Kosa likishachongwa kwenye silikoni utaliondoa kwa msasa?"

"Mkamba wewe! Mtu akikuombea dua unamrudishia mshale."

"Na nyie Wazanzibari mnaweza kumzika mtu mzima mzima, na bado mkamkaribisha ndani."

Hilal hakukasirika. Alimsogelea, sauti ikashuka. "Mie nimekuja nchi hii nimefungwa mgongoni kwa mama yangu. Mpaka leo, kila ikama, hiki kibali cha kukaa, ikikaribia kwisha, napanga foleni kama niliyeteremka jana. Nimezeeka nikingoja mlango. Wewe umefunguliwa, wasimama kizingitini wauliza bawaba zimetiwa mafuta gani! Pita, Zephania. Pita bwana."

Zephania alizima skrini.

Alhamisi alikuwa Jeddah. Joto la pale lilikuwa na maji ndani yake. Shati lilimganda mgongoni toka uwanjani mpaka Rawdah. Mwikali alimngoja katika mkahawa wa jengo la maduka, sehemu ya familia, nyuma ya pazia. Madam, mwajiri wake, alikuwa amemwachia mpaka sala ya alasiri, na dereva alikaa nje na gari likinguruma. Mwikali alikuwa na mfuko wa viatu vya shule. Alivitoa akavipanga mezani.

"Mama alipima mguu wa Mutheu kwa kiganja, akaniambia kwa simu. Nikapima kwa kiganja changu dukani. Muuzaji akadhani mimi ni mwendawazimu." Akamtazama. "Baba Mutheu, mbona uso umefura hivyo? Wamekataa?"

Alimweleza. Mwikali hakuwa mtu wa hesabu, lakini hakuwa mtu wa kupotea njiani pia. Alisikiliza mpaka mwisho akizungusha kiatu kimoja mkononi.

"Kwa hivyo hiyo chipu inaweza kuwa mbovu, ama inaweza kuwa sawa."

"Inaweza kuwa sawa kabisa."

"Basi si useme iko sawa!"

"Sijui kama iko sawa. Kazi yangu ni kujua. Wanataka niandike kwamba najua."

"Na ikiwa mbovu?"

"Inahesabu presha vibaya, inafungua valvu wakati haifai. Karibu na vile visima kuna watu wanaishi kwenye makontena. Wahindi, Wanepali, vijana wetu wa Mombasa."

"Na mimi ninaishi wapi?" Mwikali aliuliza, na sauti haikupanda hata kidogo. "Mimi ninalala kwa stoo, katikati ya pasi na ndoo. Mtoto wangu ameng'oka meno na mengine yameota, na mimi naona kwa picha. Hao watu wa makontena sijawahi kuwaona. Lakini wewe nakuona. Nakuona unavyokaa hapo umeinua kidevu, kama siku ile ulimtoroka mwalimu mkuu kwa sababu alikuita mwongo."

"Na nilikuwa mwongo?"

"Hukuwa. Ulirudia mwaka mzima, lakini hukuwa mwongo." Karibu atabasamu. Kisha honi ya dereva ikalia nje, mara moja, kama mtu akohoaye. Mwikali alivirudisha viatu mfukoni. "Amua wewe. Usinifanye mimi niamue halafu unichukie huko nyumbani, kila ukisikia kisima kimelipuka. Mimi Jumamosi naenda. Nikikaa, sijui madam atanifungulia tena lini. Hiyo unaelewa?"

"Naelewa."

"Haya."

Jumamosi asubuhi, katika hoteli moja inayotazama bahari, Zephania aliingia ukumbini amevaa suti yake ya harusi. Wenye mtaji walikuwa watano, wazee wa kanzu nyeupe, wakinywa kahawa ya iliki kwa vikombe vidogo. Cheti kilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Abu Rakan alimshika bega akawaambia wageni kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kwamba huyu ndiye kijana aliyekilaza kigawanyi chini.

Zephania hakukaa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa kweli aliitaka ile hasira. Tangu Alhamisi alikuwa akiinoa hotuba kichwani kama panga, na katika hotuba ile alifukuzwa kazi akatoka kifua mbele, pasipoti mkononi, hadi kwenye kiti kando ya mkewe. Mfanyakazi akifukuzwa husafirishwa. Hilo nalo alikuwa amelifikiria.

"Bosi, sitatia sahihi. Tulichokithibitisha ni hewa."

Akaeleza, kwa maneno ya kawaida, ili kila mtu asikie. "Ni kama nimeiambia mashine: nitafutie mtu aliye ndani ya ukumbi huu na nje ya ukumbi huu kwa wakati mmoja, kisha uniambie kama ni mwongo. Imetafuta, imerudi, imesema: hakuna mwongo. Nasi tukamchinja kondoo."

Mzee mmoja, mnene kuliko wote, aliangua kicheko hata akaweka kikombe chini. Wengine walimtazama Abu Rakan. Abu Rakan alikuwa amesoma uhandisi Amerika, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa akikitazama cheti. Kisha akazunguka meza, akamkamata Zephania kichwa kwa mikono miwili, akambusu kipajini.

"Wallahi, umeniokoa," alisema. "Wangapi wangenyamaza? Wangapi?"

Zephania alijikuta akitabasamu. Hotuba yote ilimwagika, haina kazi. "Nashukuru, bosi. Basi karani anaweza kunipa huruji yangu? Ndege yetu ni ya jioni."

Abu Rakan alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Huruji? Ya habibi, na kigawanyi atakitengeneza nani?"

"Mzee Hilal yupo."

"Hilal ni mtu mwema. Lakini hakuona. Wewe ndiye uliyeona. Nitamwachaje aondoke mtu pekee anayenieleza ukweli?"

"Mkataba wangu umekwisha, bosi."

"Tutaandika mwingine, mzuri kuliko ule. Utapewa nyumba. Utakuwa mkuu wa uthibitishaji wote."

"Mke wangu anaondoka leo."

"Basi atangulie. Mafi mushkila, hakuna tatizo. Na wewe kazi ikiisha, naapa, nitakupeleka uwanja wa ndege kwa gari langu."

Kazi ikiisha. Kigawanyi kilikuwa kipya, hoja za zamani hazikishiki tena, na hakuna mtu chini ya mbingu aliyejua itaisha lini. Zephania aliona jinsi alivyonaswa, na hakuweza kumlaumu aliyetega, kwa sababu mtego aliutega mwenyewe kwa ulimi wake. Angedanganya, jioni angekuwa hewani. Angekuwa mjinga, jioni angekuwa hewani. Hasira ya bosi ingemtoa. Sifa ndizo zilizomfunga.

"Bosi, mimi si kisima!" Sauti ilimpasuka, ikagonga vioo. "Mimi si kisima, mnichimbe mpaka nikauke!"

Wazee waliinamisha macho kwenye vikombe. Abu Rakan hakufoka. Alitabasamu kwa upole, akachukua dele, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, kama amfanyiavyo mgeni wa heshima.

"Kunywa," alisema. "Umechoka. Yalla, kaa."

Na Zephania, ambaye angeweza kupambana na ukuta, hakujua namna ya kupambana na kikombe. Alikaa.

Uwanja wa ndege ulijaa watu wa umra na masanduku yaliyofungwa kamba. Mwikali alikuwa ameshapima mzigo. Alipomwona anakuja bila begi, alijua.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Wamekufukuza?"

"Wamenisifu."

Mwikali akacheka, kicheko cha mtu aliyemwaga maziwa yote na hana la kuokota. "Aki Zephania. Hata kufukuzwa umeshindwa."

"Bosi ameapa kwamba kazi ikiisha..."

"Usinipe kitu cha kumbebea mtoto ambacho hujui kama kina uzito." Alimweka sawa kola ya shati, haraka, kabla askari hajageuka. "Nitamwambia baba yake alikataa kusema uongo. Akiuliza mbona basi amefungwa, hapo sijui. Utakuja kumjibu wewe."

Akaingia kwenye foleni. Zephania alisimama kwenye kamba inayowazuia wasiosafiri. Alimwona akifika kwenye kioo, akisogeza pasipoti, akingoja. Muhuri ukagonga. Mwikali akakaza mtandio, akapita, akaingia katika umati wa mabega na vichwa, akawa mmoja wao, kisha hakuwa yeyote.

Kule Malaz, Hilal ndiye aliyeliondoa sharti lake. Alitaka alifute mwenyewe, kwa kidole kimoja, huku akisoma bismillahi. Tangu siku ile hawakuulizana ruhusa tena. Walifutiana mistari bila haya, wakatukanana makabila, wakasonga mbele. Mashine iliendeshwa, ikanguruma, ikashindwa, ikagawiwa kazi upya. Mwezi ulitoka, mwingine ukaingia. Zephania alihamia kwenye nyumba mpya aliyopewa, yenye vyumba ambavyo hakuwa na mtu wa kuviweka.

Adhuhuri moja skrini iligeuka nyekundu. Mashine ilikuwa imeleta namba mbili, za kawaida kabisa, ambazo kigawanyi kikizigawa kinatoa nusu ya jibu. Zephania alizigawa kwa karatasi. Akarudia. Nusu. Presha ya kisima ingesomwa nusu, na valvu ingefungwa ikaachwa imefungwa mpaka bomba lipasuke.

"Umempata!" Hilal alipiga makofi, akamkumbatia, hina ya ndevu ikamsugua shavu. "Allahu Akbar! Umempata, mshenzi mkubwa wee! Kumbe tungewaua watu!"

Wabunifu wakaja mbio. Mtu akampigia Abu Rakan, na kelele za furaha za Abu Rakan zikasikika kwenye simu mpaka kwenye ngazi. Zephania alisimama katikati yao akihisi fahari ikimpanda kama maji ya moto. Hakuikana. Alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa na sura, na sura ilikuwa pale kwenye skrini, watu wote wakiiona. Akatoka na simu hadi kwenye kibaraza, juani.

"Mwikali, nimepata."

"Kosa?"

"Kosa. La kweli. Lingeua watu."

Kule Machakos jogoo alisikika, na mlango, na sauti ya mtoto ikiuliza jambo.

"Kwa hivyo ulikuwa sawa," Mwikali alisema. Alisema polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo alioubeba bila kuambia watu. "Mungu wangu. Ulikuwa sawa. Sasa wanakuachilia?"

Kupitia kioo Zephania alimwona Hilal ameshakaa, miwani puani, akiiandaa mashine iendelee kuwinda pale ilipoachia. Skrini ilikuwa imerudi nyeusi, inangoja.

"Hilo ni la kwanza, Mwikali," alisema.

Mwikali hakukata simu; Zephania alimsikia akimwita Mutheu aje amuulize baba yake mwenyewe.